Kolaitisi: Nafasi ya Moksa na Matunzo ya Nyumbani

Kuharisha damu si jambo la kuanza kutibiwa kwa moto wala kwa mizizi. Katika nchi za joto damu hiyo mara nyingi huletwa na amiba, bakteria wa kuhara damu au kichocho cha tumbo, na kila kimoja kina dawa yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kipimo cha choo katika zahanati. Vimelea visipoonekana na dalili zikaendelea kwa majuma kadhaa, mgonjwa hupewa rufaa ya kupimwa utumbo kwa kamera. Hapo ndipo kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo mpana, hubainika. Ugonjwa huu hauambukizi. Hutulia, kisha huamka.

Moksa ni tiba ya jadi ya China. Majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga husagwa hadi yawe kama pamba, yakaviringishwa mithili ya sigara nene. Kijiti hicho huwashwa na kushikiliwa sentimita 2 hadi 3 juu ya ngozi, bila kuigusa, kwa dakika 10 hadi 15: kando ya kitovu, na vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa muundi. Baadhi ya tafiti, nyingi zikiwa ndogo na za huko China, zimeonesha nafuu ya maumivu na kuharisha. Ushahidi huo unaipa moksa nafasi ya msaidizi tu. Dawa kama mesalazini na salfasalazini hazina budi kuendelea hata tumbo likitulia, isipokuwa daktari aagize vingine. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni aiepuke, kwani ataungua bila kuhisi. Moshi wake nao humdhuru mwenye pumu.

Ugonjwa unapoamka, wali laini, viazi vilivyomenywa na ndizi mbivu hustahimilika kuliko maharage, mahindi ya kuchoma na pilipili. Maji ya chumvichumvi, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji safi, hurudisha kilichopotea. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hujinunulia dukani, huweza kuuamsha ugonjwa.

Homa, damu nyingi, au tumbo kujaa na kuuma sana humpasa mgonjwa kufika hospitali siku hiyohiyo. Aliyeishi na ugonjwa huu kwa takriban miaka 8 huhitaji kamera tena, safari hii kuchunguza saratani.