SOMO: Kufunga Wavu wa Mizigo Ndani ya Gari la Kikundi



Vikundi vingi huku kwetu Kwale huazima au hukodi Land Rover ama Land Cruiser, kwa sababu mvua ikinyesha, njia za ndani za Mkongani na Kinango gari dogo haliziwezi. Gari ni moja na kazi ni nyingi. Asubuhi hubeba saruji, mchana humpeleka mama mjamzito hospitali ya Kwale au Msambweni, na mara nyingi mama na mzigo huwa safari moja. Basi leo tujifunze namna ya kuuzuia mzigo usiwaumize watu.

Tuchukue njia yetu wenyewe, kutoka Kombani njia panda kupanda Kwale. Gari likipanda, mzigo husukumwa nyuma mlangoni. Likishuka na machungwa na nazi za Shimba Hills, mzigo huja mbele waliko watu. Chungwa moja tu likibiringika likakwama chini ya kanyagio la breki, dereva atakanyaga na gari halitasimama. Chungwa hilo, hatujasema mtungi!

Na mtungi je? Hebu tupige hesabu. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, likagonga mti na kusimama ndani ya mita moja, mtungi ule husukuma mbele kwa nguvu ya kama kilo 200. Ni sawa na mifuko minne ya saruji kumwangukia mtoto mgongoni. Tangu 2004 abiria wa matatu hapa Kenya wanatakiwa kufunga mikanda. Mtungi nani anaufunga?

Wavu wa kwanza ni wa kusimama, kutoka darini hadi sakafuni, kuwatenga watu na mzigo. Kwa gari lenye viti vya ubavuni, watu wakae upande wa dereva, kisha wavu, kisha mzigo nyuma kabisa. Wavu wa pili hufunika mzigo kwa juu. Kuna wanaofunga na wa tatu chini ya dari. Huo ni mzuri kwa mablanketi na madaftari ya kikundi, lakini usiweke spana wala chupa juu ya vichwa vya watu.

Si lazima kununua wavu dukani. Wavuvi wa Gazi, Msambweni na Vanga wana nyavu kuukuu za nailoni iliyosokotwa. Juya la kukokota limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, kwa hiyo kipande cha juya ni heri kikae garini kuliko kurudi baharini. Zile nyavu nyembamba zinazong'aa kama kioo ziacheni, hukata mikono. Kabla ya kuufunga, vuteni wavu kwa nguvu watu wawili. Uliochomwa na jua utakatika hapo hapo, na ni afadhali ukatike mikononi. Uosheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi itakula bolti. Macho ya wavu yawe madogo kuliko kitu kidogo mnachobeba, na ukingo wote uzungushiwe kamba nene, kwa kuwa kamba hiyo ndiyo itakayofungwa kwenye gari.

Kazi ngumu ni mahali pa kushikiza. Wavu mzuri uliofungwa kwenye plastiki ya dari ni pambo tu. Tumieni matundu ya bolti yaliyomo tayari kwenye chuma cha bodi, na msiguse bolti za mikanda ya abiria. Ikibidi kutoboa sakafu, fundi aingie kwanza uvunguni aone tangi la mafuta na mipira ya breki ziko wapi, kisha aweke wosha pana chini ili bolti isichomoke na bati. Kulabu ziwe za kufungika, maana zilizo wazi huruka barabara ikiwa na mashimo. Nailoni huvutika, kwa hiyo kazeni sana na muache nafasi kati ya wavu na migongo ya watu.

Tusidanganyane, wavu wa samaki hauwezi kuzuia saruji. Mzigo mzito ulazwe sakafuni na ufungwe kwa kamba yake kwenye pete za chuma. Wavu ni wa yale yanayobaki.

Mkimaliza, jaribuni. Pakieni mzigo bila abiria, dereva aende polepole uwanjani halafu akanyage breki ghafla. Fungueni mlango muone kilichosogea, mkaze tena, mrudie.

Ya kujadili kikundini:
Ni vitu gani tunabeba ambavyo hubiringika? Wavu utakaguliwa na nani kila mwezi? Na dereva akiwa na haraka, nani kati yetu ana ruhusa ya kumwambia "hatuondoki" mpaka wavu ufungwe?