Nani Anatoa, Nani Anapokea?

*Mwalimu, nafanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja hapa Morogoro. Juzi nilimwandikia mkuu wa idara barua pepe kuomba projekta: "Please borrow me the projector." Alinipa, lakini mwenzangu akanisahihisha mbele ya watu, na sasa naogopa kuandika. "Borrow" na "lend" zinatofautianaje, ikiwa zote ni kuazima?*
Msomaji, Morogoro

Mwanangu, chanzo cha kosa umekitaja mwenyewe. Kwetu "nimeazima kitabu kwa Asha" na "Asha ameniazima kitabu" ni tukio lile lile, na kitenzi ni kimoja. Kiingereza kinawatenganisha: anayepokea, kitenzi chake ni "borrow", anayetoa, chake ni "lend".

Kwa hiyo weka kando kuazima, ushike kukopa na kukopesha. Mteja hukopa, benki hukopesha. Hapo huchanganyi kamwe. "Borrow" iende na kukopa, "lend" na kukopesha, hata kama kinachoombwa ni kalamu.

Ukimtaja mkuu wako kuwa mtendaji, andika: "Could you lend me the projector?" Ukijitaja wewe: "May I borrow the projector?" Zote zina adabu. Baada ya "lend" anaweza kufuata moja kwa moja anayepewa. Baada ya "borrow" hufuata kitu, na mwenye kitu hutanguliwa na "from": "I borrowed it from Asha." Wakati uliopita wa "lend" ni "lent".

Kitu ukikilipia, kama gari la kukodi, tumia "hire" au "rent". Kisichoondoka mahali pake, kama choo cha jirani, kwa kawaida huombwa kwa "use".

Mwenzako angekuita pembeni. Usiiache aibu hiyo ikufunge mikono, mwandikie mkuu wako leo: "Thank you for lending me the projector." Lugha hukomaa kwa kutumiwa.

Nakuhimiza ulishike somo hili kwa sababu ipo siku utawekewa mezani mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza. Humo "lender" ndiye anayedai, na "borrower" ndiye atakayelipa, pamoja na riba kama ipo. Hakikisha unajua jina lako liko upande gani kabla ya kutia saini.