TUJIFUNZE KUSOMA SINEMA

Ndugu msomaji, wewe kusoma umeshajua. Ukiliona neno "maji" hulichungulii tena herufi moja moja. Lakini siku hizi habari nyingi haziji kijijini kwa maandishi. Zinakuja kwa picha zinazotembea: katika banda la video, katika televisheni ya dukani, na katika simu za vijana wetu. Picha hizo nazo zinasomwa. Zina kanuni zake, na asiyezijua huamini kila anachoonyeshwa.

Sisi wa elimu ya watu wazima tumekuwa tukilifundisha somo hili jioni kwa wanafunzi wa darasa la sita, pamoja na wazazi waliopenda kukaa nyuma na kusikiliza. Tunalileta hapa ili nawe ulifundishe nyumbani. Vifaa vyake ni boksi la sabuni, kisu na kipande cha mkaa.

Sinema ilivyoanza

Kwa kweli picha ya sinema haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazopitishwa mbele ya macho yetu kwa haraka sana. Katika ukanda wa filamu ya sauti, kwa kawaida hupita picha 24 kila sekunde. Jicho halina nafasi ya kuzitenganisha, basi linaona mtu anatembea.

Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha sinema zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kwa watu waliolipa kiingilio. Zilikuwa fupi mno. Wafanyakazi wanatoka kiwandani, basi, imekwisha. Mtoto mchanga analishwa, basi.

Huku kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu za mafunzo, kama vile juu ya kuweka akiba posta na juu ya minyoo ya safura. Wenyeji waliigiza humo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha idara ya filamu za makoloni. Wakubwa wa idara hiyo walishikilia kwamba Mwafrika wa shamba atachanganyikiwa akionyeshwa picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo walitaka filamu ziende polepole, bila ufundi mwingi. Hebu fikiri! Watu waliozoea kufuata hadithi ya bibi usiku kucha, yenye majini saba na safari tatu, ndio waliodhaniwa hawawezi kufuata hadithi ya akiba ya posta. Kusoma sinema ni jambo la kujifunza, kama kusoma barua, na kila mtu anaweza.

Kidirisha cha boksi

Sasa kata kipande cha boksi. Katikati toboa kidirisha chenye upana wa vidole vinne na kimo cha vidole vitatu. Funga jicho moja, utazame kwa jicho la pili. Wewe sasa ni kamera.

Kiweke kidirisha karibu na jicho. Utaona mengi: nyumba, mwembe, mbuzi, na mama anayetwanga. Hiyo ni picha ya mbali. Inatuambia tuko wapi. Nyosha mkono, kidirisha kiende mbali na jicho. Nyumba imetoka nje, mbuzi katoka nje, amebaki mama na kinu chake. Hiyo ni picha ya kati. Inatuambia nani anafanya nini. Sasa msogelee mama huyo (kwanza umwombe ruhusa!) mpaka kidirisha kijae uso wake tu. Hiyo ni picha ya karibu. Hatujui tena kama yuko uani au sokoni, lakini tunaona jasho, na tunaona kama amekasirika.

Wanafunzi wetu walilala chini wakamtazama mwenzao aliyesimama. Mtoto mdogo kuliko wote akaonekana kama jitu. Kisha wakapanda juu ya dawati wakamtazama kutoka juu, akawa kama kifaranga. Mtoto ni yule yule. Wapiga picha wanaijua sana hila hii. Anayetaka kiongozi aonekane mkubwa huweka kamera chini.

Jambo moja tuliwarudia mara nyingi, nasi tunalirudia hapa: kidirisha kinaonyesha, na papo hapo kinaficha. Mbuzi bado yupo uani. Ni sisi tuliomwacha nje.

Aina za sinema

Mzee akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", sote tunajua kuwa ngano inakuja. Sungura akianza kusema, hakuna anayebisha. Sinema nazo zina "paukwa" zake. Vijana wa banda la video wanazitambua vizuri. Wanasema hili picha la ngumi, hili la mapenzi, hili la kutisha, haya ni vichekesho. Katika picha la ngumi wanajua kwamba stelingi hafi kabla adui hajapigwa. Kila aina ina ahadi yake kwa mtazamaji. (Na pale bandani kuna mtafsiri anayesema kwa Kiswahili juu ya filamu ya Kichina. Huyo naye huongeza chumvi yake. Usidhani kila anachosema kimo ndani ya filamu.)

Ili wanafunzi waielewe ahadi hiyo, tuliwapa kisa kimoja kidogo: mtoto anakwenda kisimani, ndoo inaanguka. Kundi la kwanza likifanye kichekesho, kundi la pili likifanye cha kutisha. Kila kundi lichore visanduku vitano sakafuni kwa mkaa, kila kisanduku ni picha moja.

Kundi la kwanza lilichora mchana kweupe, na karibu picha zote ni za mbali. Mtoto anajikwaa. Ndoo inabingirika. Mbwa anaikimbiza ndoo, mtoto anamkimbiza mbwa, bibi anamkimbiza mtoto. Walituambia wenyewe kwamba mtu akianguka ni lazima aonekane mwili mzima, ukionyesha uso wake tu watu watamwonea huruma.

Kundi la pili lilipaka mkaa mwingi kila mahali, kuwa ni usiku. Picha ya kwanza, mguu unakanyaga majani. Ya pili, mkono umeshika ndoo kwa nguvu. Ya tatu, jicho limefunguka sana. Ya nne, giza tupu, na walipofika hapo mvulana mmoja alikwaruza dawati kwa kucha. Ya tano, ndoo imelala peke yake. Msichana wa kundi lile lingine akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Mwenzake akamjibu, "Ndiyo maana inatisha."

Kisa ni kimoja, ndoo ni moja. Kilichobadilika ni umbali wa picha, mwanga, sauti, na kile kilichoachwa nje.

Iko aina nyingine, ile ya mambo ya kweli. Hiyo haina waigizaji wa kujifanya. Ingeonyesha kisima chenyewe, na akina mama wangesema wanatembea muda gani kufuata maji. Ahadi yake ni kusema ukweli. Hata hivyo, ndani yake pia kuna mtu aliyechagua nini kionyeshwe na nini kiachwe.

Kuunganisha picha

Mafundi wengi wa sinema husema ufundi mkubwa uko katika kuunganisha. Yupo mwalimu wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, ambaye inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1920 alichukua picha ya karibu ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usiocheka wala kulia. Akaiunganisha na bakuli la supu. Watazamaji wakasema mtu huyu ana njaa. Akaiunganisha na jeneza, wakasema ana huzuni. Uso ni ule ule, haukubadilika hata kidogo. Huzuni waliitia wao.

Sasa tuje kijijini. Tuseme jioni moja simu inaleta video. Picha ya kwanza, ng'ombe wengi wanatembea. Picha ya pili, mahindi yamelala chini, yamekanyagwa. Picha ya tatu, kijana mwenye fimbo anacheka. Video hiyo haina "paukwa". Haisemi kama ni mchezo wa kuigiza au ni habari. Je, ng'ombe wale wameonekana ndani ya mahindi yale, katika picha moja? Hapana. Huenda walipigwa picha wilaya nyingine, mwaka mwingine. Mahindi huenda yaliangushwa na upepo. Na kijana yule anacheka nini? Hatukuonyeshwa. Sisi wenyewe ndio tuliounganisha mambo matatu kichwani tukapata kosa na mkosaji. Kwa video ya namna hiyo watu wanaweza kushika mapanga kabla hakujapambazuka.

Si kwamba kila video ni ya uongo. Huenda ng'ombe kweli waliingia shambani. Lakini kabla ya kuipeleka kwa mwingine, ulizeni: nani aliipiga, wapi, na lini? Kabla ya picha hii kulikuwa na nini? Kisha aende mtu mwenye miguu yake akalitazame shamba.

Kazi ya kikundi

Pateni simu moja yenye kamera. Anayepiga picha aweke jua mgongoni kwake, aegemeze viwiko kwenye mti ili mkono usitikisike, na kila picha ahesabu mpaka kumi kabla ya kuzima. Upepo ukiwa mkali sogeeni karibu na msemaji, la sivyo mtasikia upepo tu. Mwombeni ruhusa kila mtakayempiga picha.

Pigeni picha tatu: mtu amekaa kimya, sufuria jikoni, mlango uliofungwa. Waonyesheni majirani kwa mpangilio huo, muwaulize mtu huyo anawaza nini. Andikeni majibu. Kisha badilisheni mpangilio, mlango uje kwanza, muwaonyeshe majirani wengine. Linganisheni majibu ya makundi mawili. Ni picha ipi iliyowafanya wafikiri hivyo?