Regyuleta gani kwa swichi ya tuktuk?

SWALI: Mimi fundi wa tuktuk hapa Mtongwe. Nimeunda swichi ya kielektroniki ya kuzuia wizi: chipu ya volti 5 na rilei ya volti 5, kwa betri ya volti 12. Regyuleta 7805 inachemka hata haishikiki. Nitumie ipi?

JIBU: Fundi, kabla ya regyuleta, badilisha rilei. Injini ikinguruma, betri hupanda hadi volti 14. 7805 hutupa zile 9 za ziada kama joto. Rilei na chipu zikivuta miliampia 90, hiyo ni wati 0.8, nyingi kwa kijichuma kisicho na alumini ya kupoza. Weka rilei ya volti 12, ichukue moto moja kwa moja kwenye betri kupitia transista, na diodi sambamba na koili. Regyuleta ibaki na chipu peke yake.

Sasa tazama tuktuk ikiwa imelala. 7805 yenyewe hunywa takriban miliampia 5 mchana na usiku. Kwa mwezi ni ampia-saa 3.6. Mimi ningechagua LM2936 ya volti 5: mzigo ukiwa mdogo hunywa maikroampia chache tu, na imeundwa kuhimili mishtuko ya umeme wa magari. Usisahau kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye pini ya kutoa umeme. Bila hiyo haitulii. Regyuleta ya AMS1117 iache, mwisho wake wa kuingiza ni volti 15.

Funga fyuzi karibu na betri, na upake bodi ya saketi vanishi, maana chumvi ya bahari hula shaba.