Kushuka Korongoni Simiyu: Somo la Siku Moja na Chakula cha Mchana

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Korongo ninalolizungumzia hapa ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, si yule ndege mwenye miguu mirefu. Kiswahili hakijali ukubwa wake. Mfereji wenye kina cha mtu mmoja nyuma ya shamba la pamba kule Itilima ni korongo, na Oldupai, yenye urefu wa takribani kilomita 48 na kuta zinazofika mita 90 hivi, nayo ni korongo. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu wa lugha. Mimi naona lugha iko sahihi kabisa, kwa sababu kazi iliyofanyika ni ileile: maji yalipata njia, yakakata kwenda chini, kuta zikabaki wazi.

Tena neno lenyewe limefika mbali. Pale Oldupai ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959 panaitwa FLK, yaani Frida Leakey Korongo. Ipo pia MNK, ipo HWK, ipo BK, na ile K ya mwisho ni korongo hilohilo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Madrid anayeandika tasnifu ya binadamu wa kale anaandika Kiswahili, ajue asijue.

Sasa, kila muhula vikundi vyetu vya jiografia, historia na mazingira hupanga "safari ya Oldupai", na mara nyingi safari hiyo huishia kwenye kundi la WhatsApp. Kwa mtu aliyeko Bariadi njia ipo: unakwenda Lamadi, unaingia Serengeti kwa geti la Ndabaka, unapita Seronera, unatokea Naabi, halafu unaingia eneo la Ngorongoro. Lakini hiyo ni gari ya siku nzima, viingilio vya hifadhi mbili, na bumu lenyewe mnalijua. Pendekezo langu ni kwamba muanze na korongo dogo la jirani, liwe la Maswa, Meatu, Itilima au Bariadi yenyewe, mkiongozwa na mwenyeji, na chakula cha mchana mle kwake. Oldupai ije baadaye. Aliyejifunza kulisoma korongo la mita 4 atakwenda kule na macho, hatakwenda na simu tu.

Ukuta unasema nini

Ukishuka, usianze kutembea. Simama, tazama ukuta mmoja kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu kilicho chini ndicho kilichotangulia. Oldupai imejengwa hivyohivyo. Chini kabisa kuna mwamba wa volkano, juu yake kuna matope ya ziwa la kale na majivu yaliyorushwa na volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, kisha matabaka mengine, na katikati kuna Tabaka la Tatu, jekundu, ambalo hata mtu wa fani ya uhasibu analiona kwa mbali. Mto ulikuja baadaye sana ukakata yote hayo. Majivu ndiyo yaliyowapa wanasayansi saa. Potasiamu iliyomo ndani yake hubadilika polepole kuwa gesi ya agoni, na majivu yakishapoa gesi hiyo hubaki imefungwa mle, kwa hiyo ukiipima unajua muda uliopita. Mwaka 1961 kipimo hicho kilionyesha kwamba tabaka la Zinjanthropus lina umri wa takribani miaka milioni 1.75. Watu wengi duniani hawakutegemea umri mkubwa kiasi hicho.

Kwenye korongo la Simiyu hutakuta majivu ya kupima. Utakuta udongo, na Wasukuma walishaupa majina kabla ya mtu yeyote kuja na ramani. Juu ya mteremko kuna luseni, udongo wa kichanga unaofaa muhogo na karanga. Chini yake kuna itogolo, ambao juu ni laini lakini ukichimba kidogo unakutana na tabaka gumu lisilopitisha maji. Bondeni kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, alieleza kisayansi wazo la udongo unaobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, na wataalamu wanaolitumia wazo hilo kwa Usukuma bado wanaandika luseni, itogolo na mbuga vilevile.

Ukiwa ndani ya korongo, mpangilio huo unauona kwa upande, kama mkate uliokatwa. Mara nyingi katika mbuga utaona vijiwe vyeupe. Vidondoshee limau: vikitoa povu ni chokaa. Angalia pia matundu kwenye ukuta, mengine yanaingia mkono mzima. Hapo ndipo maji ya mvua ya kwanza hupenya kwenye nyufa za kiangazi, yakatengeneza mifereji ya chini kwa chini, mpaka siku moja paa la mfereji linaanguka na korongo linaongezeka urefu kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mkulima anakuambia, "Jana hapa palikuwa shamba," nawe unadhani anatia chumvi.

Mwongozaji

Msichukue mtu wa kuwaonyesha njia tu. Tafuteni mtu mzima aliyelima au kuchunga kando ya korongo hilo. Kwanza pitieni kwa mtendaji wa kijiji mkiwa na barua ya utambulisho ya chuo, halafu mwenyekiti, halafu yeye. Asubuhi salamu ni "mwangaluka", mchana ni "mwadila"; mama wa makamo ni "mayu". Hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, kimeshafanya kazi.

Swali la kumwuliza si "korongo hili lina umri gani?" Hilo atalijibu kwa adabu tu. Mwulize: wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, mlikuwa mnavukia wapi? Mwaka wa mvua ya Elinino, 1997 kuamkia 1998, kichwa cha korongo kilikuwa kwenye mti upi? Ulipooa, ng'ombe walikuwa wananywa wapi? Kumbukumbu za namna hiyo ndizo majivu ya volkano ya korongo dogo. Hesabu hatua kutoka kwenye ule mti hadi ukingo wa leo, gawanya kwa miaka, na tayari una kasi ya mmomonyoko ambayo huikuti kwenye maktaba yoyote. Ikiwezekana ulizeni wazee wawili kwa nyakati tofauti. Wakitofautiana, andikeni majibu yote mawili.

Na jina lake liandikwe, akiridhia. Katika historia ya utafiti wa Afrika Mashariki wenye macho mara nyingi walikuwa wenyeji, na jina lililopanda jukwaani lilikuwa la mwingine. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kwa kazi ya kuchimba na kuzoa udongo, ndiye aliyeliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron mwaka 1964. Kutambuliwa kwake kulichukua miaka mingi. Tasnifu zetu za shahada ya kwanza zina ukurasa mzima wa shukrani kwa wazazi na marafiki wa hosteli. Mzee aliyetembea juani saa nne huwa "mkazi mmoja wa kijiji".

Kuhusu usalama nitasema bila kuzunguka. Mwezi Septemba 2019 watu 7, mmoja wao mwongozaji wa eneo lile, walikufa kwa mafuriko ya ghafla katika korongo la Ol Njorowa, hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon, jimbo la Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali juu ya mto. Korongo hukusanya maji ya eneo kubwa na kuyapitisha mahali pembamba, kwa hiyo anga lililo juu ya kichwa chako halikuambii kitu. Simiyu mvua huanza kwenye Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Nendeni kati ya Juni na Septemba, na hata hapo, mawingu meusi yakionekana upande wa juu wa mto, hakuna kushuka. Mtu mmoja abaki juu akiwa na simu yenye chaji. Kabla ya kila kona jueni mtapandia wapi. Maji yakibadilika rangi, vijiti vikianza kuelea, au mkisikia mngurumo kama wa lori, pandeni mahali palepale mlipo, mabegi yabaki. Na msikae kupumzika chini ya ukuta uliochimbika kwa ndani, hata kama kivuli ni hicho tu. Kuta za mfinyanzi huanguka bila mvua. Mwongozaji akisema "turudi", hakuna kupiga kura.

Mkiona mfupa mkubwa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, pigeni picha na muuache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahusu hata kijiwe kinachoenea mfukoni, tena kikishatolewa ukutani hakina tena tabaka, maana yake hakina umri.

Msosi

Chakula cha mchana kipangwe siku mbili kabla, na bei ikubaliwe na anayepika, si na mumewe wala na kijana aliyewaunganisha. Meza ya Kisukuma ya kawaida itakuwa na ugali wa mtama au wa udaga, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiungwa kwa karanga, na maziwa mgando. Kukiwa na gari lililotoka Lamadi asubuhi, panaweza kuwa na sato au dagaa. Mwenyeji akiamua kuchinja kuku, hiyo ni heshima. Msianze kuulizana nani hali nini.

Ila mimi nawaomba muulize michembe na matobolwa. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Michembe huhitaji kupikwa, lakini matobolwa unaweza kuyatia mfukoni ukachunga ng'ombe kutwa nzima. Katika nchi yenye miezi minne au mitano bila mvua, hiyo ndiyo friji. Jua lilelile linalopasua mbuga ndilo linalokausha viazi.

Na hapo mezani somo la korongo linaendelea, kwa sababu viazi hupandwa kwenye matuta. Mwulize mayu matuta yake yamelala vipi. Tuta linalokata mteremko huzuia maji yakazama. Tuta linalofuata mteremko hugeuza nafasi kati ya tuta na tuta kuwa mfereji, na mfereji huo mvua kubwa ikija ni korongo changa. Anayelima hivyo si mjinga. Kwenye itogolo maji yakituama viazi huoza, kwa hiyo anachagua kati ya kupoteza mavuno ya mwaka huu na kupoteza udongo wa mwanawe.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kumaliza jambo hili kwa amri. Miti ilikuwa imefyekwa kwa wingi ili kufukuza mbung'o, mifugo ikaongezeka, pamba ikapanuka, udongo ukaanza kuondoka. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 ukaleta kanuni za matuta na za kupunguza ng'ombe, na faini kwa asiyetii. Watu walichukia, na kufikia 1958 kule Geita hasira ilikuwa imefika barabarani. Matuta yaliyolimwa kwa faini yaliachwa mara faini ilipoondoka.

Kilichofanikiwa zaidi kilikuja mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado ni sehemu ya mkoa wa Shinyanga (Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012). Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua kiangazi kinapokaza. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti, na zaidi ya hekta 300,000 zikafufuka. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Kwa bahati mkikuta ngitili juu ya korongo lenu, tazameni kichwa cha korongo upande huo, kisha upande wa shamba tupu. Pigeni picha zote mbili kwa kipimo kimoja.

Kabla hamjaondoka, pigeni vigingi vitatu vya mti mgumu, mita 5, 10 na 15 kutoka ukingo wa kichwa cha korongo, mkimwomba mwenye shamba ruhusa. Andikeni tarehe. Mwongozaji apewe tepu ya kupimia ibaki kwake, pamoja na malipo yake na namba ya kiongozi wa kikundi. Mwezi Mei, mvua ikikatika, mpigieni simu awasomee vipimo, mkimlipa kwa kazi hiyo vilevile. Ripoti ikikamilika, nakala moja ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, iende kwa mtendaji wa kijiji, na nyingine nyumbani mlikokula.