Dondoo muhimu: Je, hilo ni jani ndani ya jiwe?

Ukitafuta visukuku vya majani Misigiri, usipoteze muda kwenye mawe makubwa ya matale. Yalitokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, mimea ya nchi kavu ikiwa bado haijatokea duniani. Tafuta mwamba wa mashapo wenye chembe laini, unaobanduka kama kurasa. Ndivyo ilivyo Mahenge, mkoani humuhumu Singida: tope la ziwa lililokuwa ndani ya kasoko miaka milioni 46 hivi iliyopita limehifadhi samaki, popo na majani ya jamii ya mikunde. Mmea mmojawapo, *Aphanocalyx singidaensis*, unabeba jina la mkoa.

Kinachodanganya wengi ni madini ya manganizi. Hujipenyeza kwenye nyufa na kuchora matawi meusi yanayopendeza mno, ukadhani ni kangaga. Chukua lenzi. Jani la kweli lina ukingo, mshipa mkuu katikati na vishipa vinavyoachana kwa mpangilio. Tena limelala sambamba na tabaka, wakati mwingine na utando mwembamba wa kaboni. Manganizi haina mshipa mkuu, na mara nyingi huanzia kwenye ufa.

Mizizi ya nyasi za leo iliyonasa juu ya jiwe nayo hudanganya, lakini hutoka kwa brashi.

Usioshe wala kupasua jiwe. Lipige picha pamoja na sarafu, andika mahali ulipolikuta, kisha utoe taarifa halmashauri au Idara ya Mambo ya Kale. Visukuku vya mimea pia vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.