Sigara kwa Anayetumia ARV

ARV hufubaza VVU, lakini haziondoi sumu ya sigara. Mtu anaweza kumeza dawa kila usiku bila kukosa, virusi visionekane tena kwenye kipimo, na bado moshi ukaendelea kumla mapafu na moyo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa wa VVU waliokuwa kwenye matibabu mazuri. Wavutaji kati yao walipoteza zaidi ya miaka 12 ya maisha kwa sababu ya sigara, na takriban 5 tu kwa sababu ya VVU.

VVU, hata vikiwa vimefubazwa, huiacha kinga ya mwili ikichokozwa muda wote, na mishipa ya damu huumia. Moshi huiumiza mishipa hiyo hiyo. Ndiyo maana shambulio la moyo na kiharusi humwandama zaidi mvutaji anayeishi na VVU, pamoja na nimonia, kifua kikuu na saratani ya mapafu. Kwa wanawake huongezeka saratani ya mlango wa kizazi. Kusema "hiki ni kikohozi cha sigara tu" ni hatari: kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote ile kinastahili uchunguzi wa kifua kikuu.

Kwa mwenye kipato kidogo, sigara haionekani ghali kwa kuwa hununuliwa mojamoja. Chenji iliyobaki baada ya kununua unga huishia palepale kibandani, penye kiberiti cha kuwashia. Lakini sigara 5 kwa siku ni 150 kwa mwezi, yaani pakiti 7 na nusu za sigara ishirini ishirini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, ingawa vibandani biashara hiyo inaendelea.

Wengi huvuta ili kutuliza mawazo, njaa au uchungu wa kunyanyapaliwa. Si udhaifu wa tabia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utulivu huo ni arosto tu iliyotulizwa, yaani mateso ya mwili uliozoea nikotini unapoikosa, nayo hurudi baada ya muda mfupi.

Arosto huwa kali zaidi siku za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu moja hupita kwa dakika chache: maji ya kunywa, karanga za kutafuna au kutoka nje kidogo huivusha. Husaidia sana kupanga siku ya kuacha, kuwaambia wa nyumbani, kutupa vipisi vilivyofichwa na kubadili njia isipite kibandani. Pombe huwarudisha wengi kwenye sigara. Aliyeteleza na kuvuta moja hajashindwa. Huanza tena kuacha siku hiyo hiyo.

ARV hazisimamishwi kwa sababu ya kuacha sigara, hata kwa siku moja. Bandiko na jojo za nikotini hazigongani nazo. Vidonge vya kuacha sigara vipo pia, ila baadhi vinaweza kugongana na ARV fulani, hivyo mtoa huduma wa kliniki ndiye wa kuulizwa kwanza.

Baada ya mwaka 1 bila sigara, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.